Chumba Nilichokiziba kwa Magodoro

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa chumba. Nilikitafuta mwenyewe, nikakifagia mwenyewe, nikakiziba kwa magodoro kwa mikono yangu, na siku nilipomaliza nilisimama mlangoni nikajiambia kwamba Kampala nzima hakuna mtafiti mwenye chumba kimya kama changu. Huenda ilikuwa kweli. Kilikuwa kimya kiasi kwamba watoto nao walinyamaza.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna watoto wanaochelewa kusema, wengine wana kigugumizi, wengine ulimi wao haufikii sauti fulani. Katika shule nyingi mtoto wa namna hiyo huitwa mjinga au mkaidi, huketishwa nyuma, na mwaka unapita. Daktari mmoja wa usemi, mwanamke aliyerudi nyumbani kutoka masomoni, alitaka kujua kama mazoezi mafupi yanayofanyika shuleni penyewe yanaweza kuwasaidia, bila mzazi kuhangaika kwenda hospitali. Ili kulijua hilo lazima umpime mtoto, umfanyishe mazoezi muhula mzima, kisha umpime tena. Kipimo cha kwanza kikiwa kibovu, vyote vinavyofuata ni vibovu. Hilo alinieleza siku ya kwanza, na mimi nililichukua kama mtu anavyochukua amri ya Mungu.

Mimi si daktari. Nimezaliwa Kyebando, katika nyumba ambayo Kiswahili kililetwa na babu wa babu yangu aliyefuata biashara kutoka pwani, akaoa huku, akazikwa huku. Baba ana duka la nafaka, na alasiri hufundisha madrasa kwenye baraza. Ndiye aliyenifunza kusikiliza, ingawa yeye hajui kama alinifunza hilo. "Kila herufi ina nyumba yake," huwaambia wanafunzi. "Ukiitolea kwa jirani, umeiba." Kabla sijaweza kusoma gazeti nilikuwa najua kaf inatoka sehemu gani ya nyuma ya ulimi, na qaf inatoka nyuma zaidi ya hapo, karibu na kimio. Mtoto asiyeiweza kaf alishikwa kidevu, kikainuliwa hadi atazame dari, akaambiwa aseme tena.

Mengine nilijifundisha. Chuo cha uhasibu kilinishinda kwa sababu sikuweza kukabidhi kazi ambayo haijakamilika, na machoni pangu hakuna kazi iliyokamilika. Nikakaa dukani na simu yangu, nikisikiliza mihadhara ya watu wa usemi kutoka nchi ambazo sitazifikia, nikirudia sekunde ileile mpaka baba akaniuliza kama simu imeharibika. Daktari alipotangaza kwamba anatafuta mtu wa kuandika maneno ya watoto wanaosema Kiswahili kutoka kwenye kanda alizorekodi, niliomba. Alinipa kanda moja ya majaribio. Nikairudisha nimeandika kila neno, kila kusita, na kila mahali mtoto alipovuta pumzi.

"Nani alikufundisha?" akauliza.

"Hakuna, Daktari."

"Pumzi sikuziomba."

"Najua, Daktari. Lakini zilikuwepo."

"Njoo Jumatatu," akasema.

Ndivyo nilivyoingia, na baada ya muda akanikabidhi pia kazi ya kuwapima watoto wenyewe. Nina wasiwasi ambao haujanitoka mpaka leo. Penseli zangu lazima ziwe za urefu mmoja. Salamu ya asubuhi huwa naifanyia mazoezi nikiwa juu ya bodaboda, nyuma ya kofia ya dereva. Nayasema haya kwa sababu chumba kilitoka kwenye wasiwasi huo. Mtu mwingine angekaa popote.

Shule ilikuwa upande wa Luzira, na watoto wake wengi walitoka kwenye nyumba za askari. Daktari alinipangia hiyo kwa sababu ya Kiswahili. Baba wa huyu ni Mwacholi, mama wa yule ametoka Arua, jirani ni wa kabila la Iteso, na lugha inayowakutanisha watoto uwanjani ni Kiswahili cha kambini, kisichojali ngeli wala nini, lakini chenye mbio. Nilikielewa. Nilidhani hilo linatosha.

Mwalimu mkuu msaidizi, mama mmoja wa Kiganda ambaye kila mtu alimwita Madam, alinionyesha stoo iliyokuwa na madawati yaliyovunjika na ngoma za shule. "Kama unataka kimya, ssebo, chukua hiki," akasema, akiniita bwana kwa Kiganda. Ilikuwa na dirisha moja. Kelele za uwanjani ziliingia kwa dirisha, na kelele za jikoni ziliingia kwa mlango. Nikaenda Kamwokya kwa mtu anayeuza mabaki ya magodoro ya sponji kwa vijana wa muziki.

"Unafungua studio?" akaniuliza.

"Kama studio."

"Unarekodi nani?"

"Watoto."

"Wanaimba?"

"Hapana, wanasema tu."

"Wanasema tu!" Akacheka, akaendelea kukata sponji. "Hiyo haitapigwa redioni, ndugu yangu."

Nikabandika sponji ukutani, nikaziba dirisha, nikaning'iniza taa moja juu ya meza. Upande mmoja nikaweka kiti changu, upande wa pili kiti cha mtoto, na katikati kinasa sauti chenye taa nyekundu. Mlango nikaufunga. Kila mtoto alipoingia nilisema kwenye kinasa sauti tarehe ya siku ile na namba ya mtoto, kwa sauti tulivu, kama utaratibu ulivyotaka, kisha nikaanza na maswali mepesi ya kumzoesha. Jina lako nani? Unakaa wapi? Unakaa na nani? Baba anafanya kazi gani? Baada ya hapo ndipo nilipotoa picha na kuuliza kuna nini hapa, huyu anafanya nini.

Watoto walijibu kwa neno moja moja. Wengine walitazama taa nyekundu. Mvulana mmoja alisimama wima, mikono nyuma, hata nilipomwambia akae. Nikaandika kwamba kiwango cha lugha katika shule hii ni cha chini kuliko shule nyingine tulizopima, na moyoni nilijisikia kama mtu aliyegundua jambo.

Kisha akaja msichana wa darasa la pili. Alikuwa mwembamba, goti moja lina kidonda kinachopona, na macho yake yaliuzunguka ukuta wa sponji kabla ya kunifikia. Nikamwuliza jina. Kimya. Unakaa wapi? Kimya. Nikatoa picha ya kuku, picha ya mama anayepika, picha ya mtoto aliyeanguka kutoka kwenye baiskeli, ambayo kwa kawaida huwachekesha. Alizitazama zote kwa makini. Hakufungua kinywa. Nikarudia siku iliyofuata, kwa upole zaidi na kwa sauti ya chini zaidi, na mlango nikaufunga vizuri zaidi. Hakuna kitu.

Kwa mujibu wa utaratibu wetu, mtoto aliyepata alama chini ya kiwango fulani hakuingia kwenye mazoezi. Tatizo lake lilihesabiwa kuwa kubwa kuliko tiba yetu. Msichana alikuwa chini ya kiwango hicho. Alikuwa sufuri.

Madam alinikuta kwenye ukumbi wa shule nikikusanya vitu vyangu. "Na yule wa darasa la pili, vipi?" akauliza. "Mwalimu wake analalamika. Darasani hasemi kabisa."

Ningeweza kusema bado sijui. Lakini nilikuwa mpya, sina cheti, na mtu aliniuliza swali la kitaalamu mbele ya walimu wawili.

"Yule hana lugha," nikasema.

Ni maneno matatu. Madam alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyethibitishiwa alilokuwa akilihofia. Wiki iliyofuata nikasikia amekwisha kuzungumza na shule moja ya bweni ya watoto wenye mahitaji maalumu, mbali, upande wa mashariki, na kwamba nafasi ipo muhula huuhuu. Hakufanya ubaya. Aliamini anamwokoa mtoto, na aliamini hivyo kwa sababu nilimwambia mimi. Kilichobaki ni baba yake kuja shuleni na kukubali.

Baba alikuja Alhamisi. Alikuwa askari wa upelelezi, mtu mrefu, shati limepigwa pasi hadi mstari wa mkono unasimama, jambo lililonipendeza mara moja. Mkewe ndiye aliyekuwa ametia sahihi kuturuhusu tumpime mtoto, kwa kuwa yeye alikuwa kazini nje ya mji. Madam akamweleza mambo ya bweni, kisha akamleta kwangu nimweleze mambo ya kipimo, akatuacha mlangoni mwa stoo.

"Karibu, Afande."

Aliingia, akasimama katikati ya chumba. Akabonyeza sponji ya ukutani kwa kidole, akaiachia ikarudi. Akatazama dirisha lililozibwa. Akatazama taa.

"Hii kiti ndiyo ya mtoto?"

"Ndiyo, Afande."

"Ngoja mimi nakaa."

Akakaa, magoti yakiwa juu, maana kiti kilikuwa kidogo. Nikakaa upande wangu. Mkono wangu, kwa mazoea tu, ukabonyeza kinasa sauti, na taa nyekundu ikawaka.

"Zima hiyo kitu."

"Samahani, Afande, ni mazoea, hata hai..."

"Nyekundu inawaka. Zima kwanza, halafu tuongee."

Nikazima. Alikuwa amenyoosha mgongo, mikono ameiweka juu ya mapaja, uso umefungwa kama mlango. Tukatazamana. Kisha uso ule ukafunguka, akaanza kucheka, kwanza kifuani, halafu kwa sauti, mpaka akafuta macho.

"Wewe kijana! Umeona mimi? Mimi mwenyewe! Umenikalisha tu, nimenyamaza." Akapiga meza kwa kiganja. "Nani alikufundisha hii kazi?"

"Nilijifundisha mwenyewe, Afande."

"Kujifundisha! Sisi serikali ilitupeleka kozi, na chumba yetu ya kuhoji watu haina hata godoro. Godoro kwa ukuta! Ili nani asisikie?"

Masikio yangu yalikuwa yanawaka. Nilikitazama chumba changu kutoka kwenye kiti changu, nikaona meza, taa, kinasa sauti, mtu mgeni mwenye kalamu, na kwa mara ya kwanza nikakiona.

"Sasa niambie," akasema, ameacha kucheka. "Mtoto yangu ulimwuliza nini?"

"Jina lake, Afande. Anakaa wapi, anakaa na nani, baba anafanya kazi gani."

"Hiyo ndiyo ya kwanza?"

"Ndiyo. Ni ya kumzoesha."

"Ya kumzoesha." Akatikisa kichwa. "Sikia. Sisi nyumba zetu zimebanana, ukuta ni moja, huyu anasikia ya yule. Na kazi yetu si kila mtu anaipenda. Kwa hiyo watoto tunawafundisha mapema. Mtu hujui akikuuliza baba yuko wapi, nyumbani kuna nani, wewe sema sijui. Akikukaza, nyamaza kabisa. Hata akikupa soda, nyamaza. Mimi ndiyo nimemfundisha hivyo, kwa mdomo yangu."

"Kwa hiyo alipokaa hapa..."

"Alipokaa hapa alifanya kazi yake vizuri." Akasimama, akakirudisha kiti chini ya meza. "Mpe alama."

Alipofika mlangoni akageuka. Sauti ilikuwa imebadilika.

"Lakini mwalimu, hiyo shule ya mbali. Madam anasema wewe ndiyo umesema hana lugha. Mimi naondoka tena Jumatatu kwa kazi, na Madam anataka jibu kabla. Mama yake analia tangu jana. Niwaambie nini?"

"Niachie mpaka kesho, Afande."

"Kesho," akasema, na akaondoka.

Nilikaa kwenye kiti cha mtoto. Nilijua lazima nimpigie Daktari, na nilijua nitamwambia kwamba si msichana mmoja tu. Chumba kilikuwa kimoja kwa watoto wote. Kila kipimo nilichochukua katika shule ile kilipima jinsi mtoto wa askari anavyojua kunyamaza. Kwa mtu kama mimi, ambaye hulala vibaya akigundua nukta imekosekana mwisho wa sentensi, kukiri kwamba nimeharibu shule nzima ni sawa na kujivua nguo sokoni. Nikaandika kwenye kiganja maneno nitakayoanza nayo. Jasho likayafuta kabla hajapokea.

"Sema," Daktari akasema.

Nikasema yote, hata maneno yale matatu niliyomwambia Madam.

"Shule nzima?"

"Shule nzima, Daktari."

"Mazoezi umeshaanza?"

"Bado. Tungeanza wiki ijayo."

"Basi umeharibu mapema, na hilo ni bora kuliko kuharibu ukiwa umefika mwisho. Vipimo hivyo vyote havina kazi. Unaanza upya, na nitaandika mimi kwamba tulianza upya na sababu yake. Lakini yule msichana hasubiri utaratibu wangu. Ulimwambia mtu neno ambalo hukuwa na haki ya kulisema. Rudi ukaliondoe mwenyewe, usinitume mimi." Halafu, kabla ya kukata simu, akaongeza: "Na uyatoe hayo magodoro."

Ijumaa asubuhi nilimkuta Madam ofisini mwa walimu akinywa chai. Walimu wale wawili walikuwepo, na niliona afadhali hivyo, kwa kuwa maneno ya kwanza waliyasikia wao pia.

"Madam, nilikwambia yule msichana hana lugha. Nilikosea."

Akaweka kikombe chini. "Umempima tena?"

"Hapana."

"Ssebo wangu. Wiki iliyopita hana lugha. Leo, bila kumpima, ana lugha. Na wiki ijayo?"

Mwalimu mmoja akacheka ndani ya kikombe chake. Nikamweleza habari ya chumba, na aliyonieleza baba wa msichana. Alisikiliza vizuri, lakini hakutikisika.

"Darasani pia hasemi," akasema, "na madarasa yangu hayana magodoro. Mimi sitaki maneno yako tena. Nataka kumsikia mtoto kwa masikio yangu."

Alikuwa na haki. Na hapo nikakwama, kwa sababu mtoto aliyefundishwa kuwanyamazia wakubwa wanaouliza hatasema akiitwa mbele ya mwalimu mkuu msaidizi. Nikamwomba kitu kimoja tu, aje jikoni wakati wa mapumziko, asimame nyuma ya dirisha la wavu linalotazama uwanja, asimwite mtoto, asimwonyeshe kwamba yupo. "Nijifiche kwenye jiko la shule yangu?" akasema. Lakini alikuja.

Wasichana walikuwa wanacheza kwepena. Wawili husimama pande mbili wakirushiana mpira wa mifuko ya plastiki, na wa katikati hukwepa. Akipigwa, amekufa, na hutoka. Msichana wetu alikuwa mrushaji wa upande wa karibu nasi, na kwa muda hakusema lolote. Kisha mpira wake ukamgusa mwenzake bega, na yule wa katikati akaendelea kukwepa kana kwamba hakuguswa.

"Umetufa!" msichana akapiga kelele. "Umetufa! Tota!"

"Sijafa! Haujanigusa!"

"Nimetudusa! Wote wameona! Tota nje, usitudandanye!"

"Tota, tota!" wakamwigiza wawili waliokuwa pembeni. "Sema 'toka' kwanza ndiyo atoke!"

Akawageukia, mikono kiunoni. "Wewe nyamaza, meno yato tama jembe! Na wewe, baba yato astari tu, baba yangu afande yate! Tota!"

Yule wa katikati akatoka. Waliokuwa pembeni walicheka meno ya jembe mpaka wakakaa chini, na mwenye meno mwenyewe alicheka kuliko wote.

Madam alikuwa ameweka kitambaa cha jikoni mdomoni. Mabega yalikuwa yanamtetemeka. "Huyu," akasema alipoweza, "huyu ndiye hana lugha?"

"Anayo," nikasema, na hapo ndipo nilipokuwa na uhakika, kwa kuwa sasa nilikuwa nasikia kile ninachojua kusikia. "Anayo nyingi. Tatizo lake ni moja. Sauti ya k haitoki nyuma ya ulimi, inatoka mbele, inakuwa t. G nayo wakati mwingine inamfuata, inakuwa d. Darasani hasemi kwa sababu umesikia wanavyomwigiza. Uwanjani akiwa na hasira anasahau kuogopa. Hili linatibika, Madam. Linatibika hapa hapa."

"Wiki iliyopita pia ulikuwa na uhakika."

"Wiki iliyopita nilikuwa sijamsikia."

Alinitazama, kisha akatazama tena uwanjani, ambako mchezo ulikuwa umeendelea. "Muhula mmoja," akasema. "Abaki muhula mmoja. Nikiona hakuna kitu, anakwenda, na wewe utakwenda naye umbebee sanduku." Jioni ile alimpigia baba wa msichana simu mwenyewe.

Nikang'oa magodoro. Watoto wa jirani na shule waliyagawana, na kwa siku kadhaa nililiona pande moja likitumika kama goli. Vipimo vipya nilivifanyia kwenye veranda ya darasa la pili, kwenye mkeka, katikati ya kelele zote nilizokuwa nimezikimbia. Kinasa sauti nilimpa mtoto akishike, nikamwonyesha kitufe cha kuwasha na cha kuzima, nikamwambia ni chake kwa muda huo. Maswali ya nyumbani niliyafuta. Kelele ziliingia kwenye kanda, ni kweli, na kuziandika kanda hizo kulinichukua muda mara mbili. Lakini zilikuwa na watoto ndani yake.

Msichana alikuja, akaketi, akakishika kinasa sauti, na jambo la kwanza alilofanya ni kukizima. Nikasubiri.

"Wewe unataa wapi?" akaniuliza.

"Kyebando."

"Unataa na nani?"

"Na baba, mama, na dada zangu wawili."

"Baba yato anafanya tazi dani?"

"Anauza mahindi na maharage. Alasiri anafundisha Kurani."

"Anapida watoto?"

"Anapiga mara moja moja. Mimi alinipiga kwa sababu ya herufi."

Akafikiria. Akaniuliza kama nilipigwa sana, nikamwambia wastani. Inaonekana majibu yangu yalimridhisha, kwa sababu aliwasha kinasa sauti, akavuta picha zote kwake, na akanieleza kila moja bila kuulizwa. Mtoto wa kwenye baiskeli, alisema, alianguka kwa ujinga wake.

Kuhusu mazoezi yenyewe naweza kuandika kwa raha, kwa kuwa hapo ndipo ninapojijua. Nilimlaza chali kwenye mkeka ili ulimi urudi nyuma wenyewe. Nilimfanya asukutue koo kwa maji mpaka akajua nyuma ya kinywa kuna mahali panapofanya kazi. Nilimwinua kidevu atazame paa la veranda, kama baba alivyotufanya, ila sikuwa na fimbo. Mwanzoni ilitoka kama mtu anayekohoa. Kisha ikatoka mwisho wa silabi, ak, ak, kama kunguru, na alipenda kuwa kunguru. Kisha ikaingia kwenye kuku, na kaka, na kikombe. Watoto wengine walikuwa na mengine, na kila mmoja nilimtafutia njia yake kwenye mkeka uleule.

Muhula ulikuwa unakaribia mwisho, na siku hiyo nilikuwa verandani na mvulana mwenye kigugumizi, tukipiga makofi ya silabi, niliposikia kutoka uwanjani, wazi, kutoka nyuma ya ulimi kabisa:

"Umekufa! Toka!"

Aliyekuwa katikati alisimama, mpira miguuni, akashangaa. Hata wale wa pembeni waliokuwa wamejiandaa kuigiza wakakosa cha kuigiza. Akatoka bila ubishi. Msichana hakunitazama. Alikuwa anausubiri mpira.

Madam alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi. Alinyoosha mkono kama mtu aliyebeba sanduku zito, akaliweka chini, akarudi ndani.

Msichana yule sasa yuko darasa la nne, shule ileile, na mwalimu wake wa sasa analalamika kwamba anaongea mno. Mimi bado nachonga penseli ziwe za urefu mmoja, na salamu ya asubuhi bado naifanyia mazoezi juu ya bodaboda. Kilichobadilika ni hiki. Nampima mtoto pale anapochezea, mlango ukiwa wazi, na kinasa sauti anakishika yeye. Na mtu akiniuliza mtoto fulani vipi kabla sijamsikia akizungumza na wenzake, namjibu kwamba sijui.